Mtoto wa moyo aligeuka rangi baada ya kupewa dawa ya usingizi kwa ajili ya eko: nini hasa kilitokea?

#1 MamaNuru

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba msaada wa mawazo kutoka kwa wazazi wenye watoto wa moyo na kwa wahudumu wa afya waliomo humu.

Binti yangu ana miaka miwili na miezi mitatu, na tangu akiwa na miezi mitano tunajua kwamba ana tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo yenye tundu kati ya chemba za chini na njia nyembamba ya damu kwenda mapafuni. Hajafanyiwa upasuaji, bado tuko kwenye foleni. Wiki iliyopita tulikwenda kurudia eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, na kwa kuwa mara ya kwanza alilia na kupiga mateke mpaka kipimo kikashindikana, safari hii tuliambiwa atapewa dawa ya kunywa ili alale. Tuliagizwa asimeze chochote tangu saa sita usiku. Tulifika saa moja asubuhi, tukaingia chumbani saa tano na nusu.

Muuguzi alijaribu kwanza kumwekea kanula, kile kijimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa. Alichoma mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha mguu, na muda wote huo mtoto analia. Mwishowe waliacha, wakampa dawa ya maji chungu yenye harufu kali. Nyingine aliitemea kwenye kanga yangu, wakamwongezea kidogo. Baada ya dakika kama 20 alilala. Daktari alikuwa ameshampaka jeli kifuani na ameanza kutazama picha nilipoona midomo ya mwanangu inatoka kwenye zambarau hafifu niliyoizoea na kuwa kama ganda la bilinganya. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kilichokuwa kikisoma 81, kilishuka mpaka 54. Muuguzi mmoja wa makamo alimkunja magoti yakagusa kifua, mwingine akamwekea barakoa ya oksijeni, na baada ya dakika chache namba zikapanda. Kipimo kiliahirishwa.

Nilipouliza, watu watatu walinipa majibu matatu: ni dawa; ni kwa sababu alilia sana; ni ugonjwa wenyewe, na hutokea hata nyumbani. Jumanne ijayo tumeitwa hospitali nyingine kwa kipimo cha katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni, na huko atalazwa tena kwa dawa ya usingizi. Ninataka kuelewa kilichotokea kabla sijasaini fomu nyingine ya ridhaa.

#2 BabaMapacha

Pole sana, dada. Kwa maoni yangu jibu liko wazi katika maelezo yako mwenyewe: mtoto alitema, wakaongeza. Aliyeongeza alijuaje kiasi alichokwisha kumeza? Mmoja wa mapacha wangu ana tundu kwenye moyo, amepewa dawa ya namna hiyo mara mbili, kila mara kwa kipimo kamili kulingana na uzito wake, na hajawahi kubadilika rangi hata kidogo. Kosa liko kwenye kuongeza.

#3 Zamu_ya_Usiku

Pole, Mama Nuru. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto.

Ndugu BabaMapacha, ninakubaliana nawe kwamba dawa iliyotemwa haikisiwi kwa macho, lakini mfano wa mwanao haufai hapa. Tundu la peke yake kwa kawaida hupeleka damu kutoka kushoto kwenda kulia, yaani mapafu hupata damu nyingi kupita kiasi, na mtoto wa namna hiyo si "wa buluu", yaani hageuki rangi kwa damu kukosa oksijeni. Mtoto wa Fallot yuko kinyume chake. Dawa ileile, kipimo kilekile, mioyo miwili tofauti, matokeo mawili tofauti.

Mimi ninaegemea kwenye kilio. Mtoto wa Fallot akilia kwa nguvu, misuli iliyo chini ya valvu ya mshipa wa mapafu hukaza, njia ambayo tayari ni nyembamba huzidi kubana, na damu hukosa pa kupita. Kuchomwa mara tatu kunatosha kabisa kuanzisha hali hiyo, na yawezekana ilikuwa imeshaanza kabla dawa haijafanya kazi. Nina swali moja: je, anatumia propranololi, na je, asubuhi ile alipewa?

#4 MamaNuru

Anatumia, mara tatu kwa siku. Asubuhi ile sikumpa. Niliambiwa asimeze chochote, nami nilidhani dawa zake zimo katika "chochote".

#5 Zamu_ya_Usiku

Si kosa lako hata chembe. Aliyekupa maagizo ndiye aliyepaswa kukwambia dawa ipi iendelee na ipi isimame. Propranololi hupewa watoto hawa ili misuli ile isikaze. Kwa kawaida haikatizwi siku ya kipimo, humezwa na maji kidogo. Hospitali mnakokwenda, waulize dawa moja baada ya nyingine, kwa majina.

#6 Usingizi_na_Pumzi

Mimi ni mtaalamu wa usingizi. Ninaheshimu maelezo ya dada muuguzi, lakini ninaona ameipa dawa nafasi ndogo mno.

Uchungu na harufu hiyo vinanifanya nifikirie klorali haidreti, dawa iliyotengenezwa mara ya kwanza na Justus von Liebig mwaka 1832, ambayo imedumu kwenye vyumba vya vipimo vya watoto kwa sababu haihitaji sindano. Sasa tazameni jinsi moyo wa Fallot unavyogawa damu. Damu isiyo na oksijeni ikifika kwenye chemba ya chini ya kulia ina njia mbili: ijipenyeze kwenye mlango mwembamba wa kwenda mapafuni, au ivuke tundu na kuingia kwenye mshipa mkuu unaosambaza damu mwilini. Damu hufuata njia yenye upinzani mdogo. Dawa nyingi za usingizi hulegeza mishipa ya mwili, na ikilegea, njia ya pili huwa nyepesi zaidi. Damu nyingi huvuka bila kuyaona mapafu, na midomo ya mtoto inakueleza yaliyobaki. Ndiyo maana kumkunja magoti kulisaidia: kunaibana mishipa ya miguu na kurudisha upinzani. Watoto wakubwa wa Fallot hujitibu wenyewe kwa njia hiyo, utawaona wanachuchumaa katikati ya mchezo. Oksijeni peke yake husaidia kidogo tu, kwa sababu damu yenye matatizo ni ile ambayo haifiki mapafuni kabisa.

Kwa sababu hiyo wengi wetu tunapendelea ketamini kwa watoto hawa, kwa kuwa haishushi upinzani huo, na tunakuwa waangalifu sana na propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa, hasa ikisukumwa kwa haraka. Deksmedetomidini ya kupuliza puani ni nzuri inapopatikana, ila hupunguza mapigo ya moyo, na mtoto ambaye tayari anatumia propranololi anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

#7 Bintipwani

Salamu kutoka Mombasa. Mbona hakuna aliyegusa zile saa? Kutoka saa sita usiku hadi saa tano na nusu asubuhi ni saa kumi na moja na nusu bila hata tone la maji, kwa mtoto wa miaka miwili, katika joto letu hili la pwani.

Mwanangu naye ni wa Fallot, alifanyiwa upasuaji mwaka juzi. Daktari wake alinieleza kwamba damu ya watoto hawa huwa nzito, kwa sababu mwili hutengeneza chembe nyekundu nyingi ili kufidia oksijeni inayokosekana. Mtoto akikaukiwa maji, damu hiyo huzidi kuwa nzito, na hatari si kubadilika rangi tu, hata kiharusi kinaweza kutokea. Tena mwili ukipungukiwa maji shinikizo la damu hushuka, na tunarudi kwenye upinzani uleule aliousema ndugu wa #6. Kanuni tuliyopewa sisi ilikuwa saa 6 kwa chakula na maziwa ya kopo, saa 4 kwa maziwa ya mama, saa 2 kwa maji au juisi isiyo na nyama za matunda. Uji ni chakula. Nilimwamsha saa kumi na moja alfajiri nikampa maji ya glukosi, na akawa wa kwanza kuingia chumbani.

#8 Usingizi_na_Pumzi

Dada Bintipwani amenikumbusha jambo nililopaswa kuanza nalo. Hospitali kadhaa za Ulaya na Kanada siku hizi huruhusu maji mpaka saa moja kabla. "Asile wala asinywe tangu saa sita usiku" ni agizo rahisi kwa mtoa maagizo, lakini kwa mtoto wa buluu aliyepangwa wa tisa kwenye orodha ni agizo baya.

#9 BabaMapacha

Nimekubali kusahihishwa, dada muuguzi, na leo nimejifunza kwamba matundu nayo yana pande. Hata hivyo kwenye dawa iliyoongezwa sirudi nyuma. Wataalamu mmeniletea kilio, njaa na mishipa, na bado hakuna aliyenijibu: kipimo kilichozidi kina athari au hakina?

#10 Zamu_ya_Usiku

Kina athari, ndugu yangu, umeshinda hilo. Kipimo kikizidi pumzi huwa ndogo, na klorali haidreti haina dawa ya kuibatilisha, tofauti na midazolamu, dawa nyingine ya usingizi, ambayo inayo.

#11 Fundi_wa_Vifaa

Mimi ninahudumia mashine, si wagonjwa, kwa hiyo nitasema la upande wangu tu. Kipimo cha kidoleni hutengenezwa na kupimwa usahihi wake kwa watu wazima wenye afya, na kikishuka chini ya 80 usahihi wake hupungua. Mtoto akiwa na vidole vya baridi, akichezacheza, au kishikizo kikiwa cha mtu mzima kilichobanwa kwenye kidole kidogo, namba huyumba. Tena imeshaonekana kwamba kwa ngozi nyeusi mashine hizi zinaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Hiyo 54 huenda haikuwa 54. Huenda ilikuwa 62, huenda 45. Nisingejenga maelezo yoyote juu ya tarakimu yenyewe.

#12 MamaNuru

Ahsanteni sana nyote. Ndugu Fundi, midomo niliiona kwa macho yangu kabla sijaitazama mashine, kwa hiyo kushuka kulikuwapo, kiasi chochote kiwe.

Kuna jambo ambalo sikuliandika mwanzo kwa kudhani ni dogo. Alipolala alianza kukoroma. Hukoroma hata nyumbani, lakini siku ile ilikuwa zaidi, na kidevu chake kilikuwa kimeangukia kifuani kwa sababu alilazwa juu ya mto mkubwa. Yule muuguzi wa makamo, kabla ya kumkunja magoti, aliuvuta mto akautupa chini na kumnyanyua kidevu.

#13 Usingizi_na_Pumzi

Mama Nuru, hilo si dogo. Linanifanya nipunguze uhakika niliokuwa nao kwenye #6.

Mtoto wa umri huo ana kichwa kikubwa ukilinganisha na mwili. Akiwa macho misuli ya koo huiweka njia ya hewa wazi. Akilala kwa dawa, misuli hulegea, ulimi hurudi nyuma, na mto mkubwa humalizia kuifunga. Kama ana mafindofindo makubwa, ndiyo kabisa. Pumzi ikizibwa, hewa ukaa hujaa kwenye damu, na hewa ukaa ikizidi, mishipa ya mapafu hubana. Kwa hiyo njia ya kwenda mapafuni inapata kizuizi cha pili, na damu inavuka tundu vilevile. Kwa nje utaona kitu kilekile: midomo kama bilinganya. Na kama mto ulitolewa, kidevu kikanyanyuliwa, magoti yakakunjwa na oksijeni ikawekwa ndani ya dakika moja, hakuna anayeweza kusema kipi kati ya hivyo vinne kilimrudisha.

Nawaomba muulizie kama kwenye chumba cha katheta kuna mashine inayopima hewa ukaa anayoitoa mtoto. Kipimo cha kidoleni huchelewa. Ile ya hewa ukaa inakuonyesha pumzi iliyozibwa papo hapo, kabla rangi haijabadilika.

#14 Mwalimu_Mstaafu

Mniwie radhi nikirudi nyuma kidogo. Hofu hii ya kuwalaza watoto wa buluu ni ya siku nyingi. Tarehe 29 Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, daktari wa upasuaji Alfred Blalock alimfanyia upasuaji mtoto wa Fallot mwenye umri wa miezi 15 kwa wazo la daktari Helen Taussig, huku Vivien Thomas, fundi Mweusi aliyeibuni njia hiyo kwa majaribio ya mbwa, akiwa amesimama nyuma yake akimwelekeza. Watu hukumbuka majina hayo matatu. Wachache hukumbuka kwamba mkuu wa idara ya usingizi, Austin Lamont, alikataa kumlaza mtoto yule kwa kuamini kwamba asingeuvumilia usingizi, na kazi ikafanywa na kijana aliyekuwa bado mafunzoni, Merel Harmel. Mwaka 1946 Harmel na Lamont waliandika pamoja makala juu ya namna ya kuwalaza watoto hao. Aliyekataa na aliyekubali walikaa meza moja wakaandika walichokiona, ili wanaofuata wasianze gizani.

#15 Zamu_ya_Usiku

Shikamoo Mwalimu, ahsante sana kwa historia hii.

Mama Nuru, nikuongezee mawili ambayo wazazi hawaambiwi. La kwanza ni viputo vya hewa kwenye dripu. Kwa mtu mwenye moyo mzima, kiputo kidogo huishia mapafuni na kupotea. Kwa mwanao kinaweza kuvuka tundu na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Ukiona kiputo kwenye mrija, sema, hata kama utaonekana msumbufu. La pili ni safari ya kurudi. Dawa zile za kunywa hukaa mwilini kwa saa nyingi, na mtoto aliyekwisha amka anaweza kulala tena usingizi mzito ndani ya daladala. Usimbebe mgongoni siku hiyo. Mpakate mbele, kidevu kikiwa juu, mahali unapouona uso wake.

#16 Mama_Imani_Mwz

Wangu ana ugonjwa wa Down pamoja na tundu kubwa katikati ya moyo, na mwaka jana alihitaji kung'olewa meno mawili yaliyooza. Kliniki ya kwanza ya meno ilikuwa tayari kumchoma dawa ya usingizi palepale kwenye kiti. Nilikataa, tukaenda hospitali ya rufaa, na daktari wa usingizi aliniambia mambo manne: ulimi wake ni mkubwa, shingo yake isikunjwe ovyo, mapigo yake hushuka haraka, na shinikizo kwenye mapafu yake lilikuwa juu, kiasi kwamba kuzibwa pumzi kwa dakika mbili tu kungeweza kumwua. Meno yaling'olewa chumba cha upasuaji, kwa nusu kaputi kamili na mpira wa kupumulia. Nilikuwa nikidhani usingizi mwepesi ndio salama na nusu kaputi ndiyo ya kuogopwa. Kwa mwanangu ilikuwa kinyume.

#17 Chembe_Nyekundu

Ninafanya kazi maabara. Je, wingi wa damu wa mtoto ulipimwa karibuni? Mtoto wa buluu anaweza kuonekana ana damu ya kutosha kwenye karatasi, tuseme gramu 13, wakati kwa hali yake hiyo ni upungufu. Upungufu wa madini ya chuma huongeza vipindi vya kugeuka rangi. Pengine siku ile aliingia chumbani akiwa tayari ukingoni, na jambo lolote kati ya yote mliyoyataja lingemsukuma.

#18 MamaNuru

Ndugu zangu, nimerudi. Jumanne imepita salama.

Niliwakabidhi karatasi niliyoandika maswali yenu. Daktari wa usingizi aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akakaa. Nuru aliwekwa wa kwanza kwenye orodha. Alikunywa maji saa kumi na moja alfajiri na propranololi yake akaipata. Walimpaka mkononi krimu ya ganzi mapema, kanula ikaingia mara moja akiwa mapajani mwangu anatazama katuni kwenye simu. Walitumia ketamini, wakamwekea kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega badala ya mto, na mashine ya hewa ukaa ilikuwapo. Niliambiwa oksijeni yake ilikaa kati ya 78 na 83 muda wote. Damu yake ilikuwa gramu 12.8, na ameanzishiwa dawa ya madini ya chuma.

#19 BabaMapacha

Mungu ni mwema. Basi imethibitika: ile dawa ya kunywa ndiyo iliyokuwa na shida. Dawa imebadilishwa, mtoto hakubadilika rangi.

#20 Bintipwani

Alhamdulillahi kwa usalama wa Nuru. Ila ndugu yangu, hesabu hiyo haikubali. Siku hiyo ilibadilishwa dawa, na pia zikabadilishwa saa za kufunga, kilio, propranololi na mto. Ningeweza kusema imethibitika kwamba ni maji niliyoyasema mimi, na dada muuguzi naye akasema ni kilio.

#21 Usingizi_na_Pumzi

Nami ningesema ni kidevu. Kinachokosekana ni mpangilio wa matukio ya siku ile ya kwanza. Kama rangi ilibadilika kabla ya kukoroma, dada muuguzi ana hoja nzito. Kama kukoroma kulitangulia, ni njia ya hewa. Kama shinikizo la damu lilishuka kwanza, ni dawa au ukosefu wa maji. Mama Nuru, je, shinikizo lilipimwa wakati amelala?

#22 MamaNuru

Mkanda ulikuwa umefungwa mguuni, na nilimwona muuguzi akiandika, lakini sikuoneshwa. Leo asubuhi nimepeleka barua kuomba nakala ya karatasi ya siku ile. Wameniambia nirudi Ijumaa. Nikiipata nitaziandika hapa saa na namba zote kama zilivyo.